Maswali ya Wasomaji: Kufikiri kwa Kiingereza, Kufikiri kwa Kifaransa

Barua ninazozijibu katika toleo hili zimetoka mikoa ya Lindi na Mtwara, na zote zinauliza namna ya kuyahamishia katika Kifaransa maneno ya Kiingereza yanayohusu kufikiri. Nimeziweka pamoja kwa sababu kinachowakwaza waandishi wake ni kile kile. Anayeanzia kwenye «think» ya Kiingereza hufika kwenye Kifaransa na kitenzi kimoja mkononi, ilhali huko atahitaji «penser», «réfléchir», «croire», «trouver» na vingine. Kiswahili nacho kina kufikiri, kuwaza, kudhani, kuona na kutafakari, na kwa maoni yangu ndicho kiongozi bora kwetu kuliko Kiingereza.

Mimi ni mwongoza watalii wa Kilwa Masoko, na huvuka na wageni kwenda Kilwa Kisiwani. Tukifika kwenye magofu ya Husuni Kubwa huwauliza Wafaransa: «Que pensez-vous à Husuni Kubwa ?» Wao husita, na wengine huniomba nirudie swali. Kwa Kiingereza swali hilo halijawahi kunipa taabu. Nimekosea wapi?

Ndugu mwongoza wageni, kosa lako liko kwenye neno dogo «à». Katika Kiingereza mtu akikuuliza «What do you think of the palace?» au «What do you think about the palace?», anataka jambo lile lile, yaani maoni yako. Kifaransa hakikubali mchanganyiko huo. «Penser à» ni kuwa na kitu au mtu akilini, kumuwaza, na «penser de» ni kuwa na maoni juu yake. Zaidi ya hayo, «à» hutumika pia kutaja mahali, kwa hiyo mgeni wako husikia kana kwamba unamuuliza anafikiri nini akiwa pale Husuni Kubwa, na ni haki yake kusita. Sema «Que pensez-vous de Husuni Kubwa ?» nawe utajibiwa mara moja. Utakapotaka kumuuliza mgeni aliyekaa kimya akiitazama bahari, ndipo useme «À quoi pensez-vous ?», yaani unawaza nini.

Lipo swali jingine ambalo nakusihi ulizoee, kwa kuwa limejengwa kama Kiswahili chenyewe: «Comment trouvez-vous Husuni Kubwa ?» Hapo umesema «Mnaionaje Husuni Kubwa?», na «trouver» imefanya kazi ile ile ambayo kwetu hufanywa na kuona. Simama nao kando ya lile birika la kuogelea lenye pembe nane, lililojengwa katika jumba hilo la karne ya 14 la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, nawe utamsikia mmoja wao akisema «Je trouve ce bassin magnifique», naliona birika hili la fahari. Mwingereza atasema tu «I think it's magnificent». Mfaransa naye anaweza kusema «je pense que», na sarufi haitamshtaki, lakini kwa kitu anachokitazama kwa macho au kukionja kwa ulimi, «trouver» ndiyo humjia kwanza.

Kwa kuwa kazi yako ni ya kuzungumza, shika pia viwakilishi viwili vifupi. Jambo likishatajwa, «penser à» hugeuka «y penser», kama katika «j'y pense», ninaliwaza, nayo «penser de» hugeuka «en penser», kama katika «Qu'en pensez-vous?», mnalionaje jambo hilo? Anayewazwa akiwa mtu, «y» haitumiki, bali husemwa «je pense à lui» au «je pense à elle». Na kabla hamjapanda mashua, usiache kuwaambia «Pensez à prendre de l'eau», kumbukeni kuchukua maji. Hapa «penser à» imeshika nafasi ya kukumbuka, matumizi ambayo wanafunzi wengi hawafundishwi, ingawa Wafaransa huyatumia kila siku nyumbani kwao.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano wilayani Masasi. Kwa nini Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika «Je pense, donc je suis» wala hakuandika «Je réfléchis»?

Marahaba, mwanangu. «Réfléchir» ni kufikiri kwa makusudi, kukaa na kuchunguza jambo mpaka ulipatie jibu, na ndiyo inayokaribiana na kutafakari kwetu. Descartes alitaka neno pana kuliko hilo. Aliandika kauli hiyo kwa Kifaransa mwaka 1637, akairudia kwa Kilatini mwaka 1644, na katika maandishi hayo ya pili alieleza kwamba kufikiri anakokusudia kunahusisha pia kutaka, kuwazia na hata kuhisi. Kwa sababu hiyo «Nafikiri, kwa hiyo nipo» ni tafsiri ya haki, na «Natafakari» ingembana mno. Hapa, kwa mara moja, «think» ya Kiingereza inatosha kabisa.

Ni karani katika ofisi inayosafirisha korosho hapa Mtwara Mjini. Mnunuzi wa Ufaransa ametutumia bei. Nataka kumwandikia kwamba «we are thinking about your offer», na kwamba tukipata «second thoughts» tutamjulisha mapema. Nimeandika «nous pensons à votre offre» na «secondes pensées». Je, barua iende hivyo?

Nakuomba uisimamishe kwanza. «Nous pensons à votre offre» inamwambia mnunuzi kwamba mnaikumbuka bei yake na kwamba inawapitia akilini, lakini haimwambii kwamba mmekaa kuichambua. Andika «Nous réfléchissons à votre offre». Mkitaka kuonyesha kwamba mnalinganisha faida na hasara, andika «Nous pesons le pour et le contre», na kauli hiyo ina asili inayoifaa ofisi yenu, kwa sababu «penser» na «peser», yaani kupima uzito, zote mbili zimetokana na neno moja la Kilatini, «pensare», lililohusu mizani. Sisi nasi twasema mtu mwenye busara hupima maneno yake.

Ama «secondes pensées», liondoe kabisa, kwa maana Wafaransa hawana msemo huo. Kinachotakiwa hutegemea umekusudia nini. Kama ni kuingiwa na shaka, sema «avoir des doutes» au «hésiter». Kama ni kubadili uamuzi, sema «changer d'avis», na katika barua rasmi zaidi «revenir sur sa décision». Kama ni ile «on second thought» inayoanzisha sentensi baada ya mtu kulipima jambo upya, «réflexion faite» na «à la réflexion» zote zinafaa. Mwingereza akionya «think twice», Mfaransa husema «réfléchissez-y à deux fois», lakini katika barua ya kwanza kwa mnunuzi nisingeitumia kauli hiyo, maana husikika kama tishio.

Jihadhari zaidi na neno linalofanana na hayo kwa sura tu: «arrière-pensée». Ukilitafsiri kipande kwa kipande utapata wazo la nyuma, nawe utadhani ndilo wazo linalokuja baadaye. Sivyo hata kidogo. Mwenye «arrière-pensée» ni mtu mwenye lake jambo, anayesema hili huku amekusudia lile. Ukimwandikia mnunuzi kwamba ofisi yenu ina «des arrière-pensées» juu ya bei yake, utakuwa umekiri kwa maandishi kwamba mnamficha kitu. Ukiandika «sans arrière-pensée», umemhakikishia kwamba mna nia safi, na huo ni msemo mzuri wa kufungia barua ya biashara.

Mimi ni mwanachuo wa ualimu, Mtwara. Naomba visawe vya Kifaransa vya «to rack one's brains», «it slipped my mind» na «to lose one's train of thought».

Cha kwanza kina visawe vingi, na vinapendeza. «Se creuser la tête» ni kujichimba kichwa, «se casser la tête» ni kujivunja kichwa, sisi tukiwa tumeridhika na kuumiza kichwa tu. Katika mazungumzo ya kawaida utasikia pia «se triturer les méninges», ambamo «méninges» ni utando unaoufunika ubongo. Kutokana na neno hilo hilo wametunga «remue-méninges» kuwa badala ya «brainstorming», ingawa katika ofisi zao nyingi neno la Kiingereza bado lina nguvu.

Kwa «it slipped my mind» sema «ça m'est sorti de la tête», limenitoka kichwani, na kwa «to lose one's train of thought» sema «perdre le fil», kupoteza uzi. Neno likikukwama likiwa ncha ya ulimi, Wafaransa wako nawe: «Je l'ai sur le bout de la langue.» Wafundishe wanafunzi wako misemo ya namna hii wakianzia Kiswahili, kwa sababu mtoto anayejua kwamba neno hutoka kichwani hana haja ya kupitia kuteleza kwa Kiingereza.

Naandika kutoka Lindi. Kaka yangu ameoa Moroni, Komoro, na wifi yangu huniandikia kwa Kifaransa. Juzi mama alikuwa mgonjwa, nikamwandikia wifi «J'ai beaucoup de pensées». Alinijibu akiniuliza ni mawazo ya nini. Nilitaka kumwambia tu kwamba nina mawazo mengi.

Pole, dada, na mama apate nafuu. Wifi yako hakukusudia kukukejeli. Katika Kiswahili chetu mtu akisema ana mawazo, kila mtu anaelewa kwamba ana wasiwasi na moyo wake hautulii, wakati «pensées» za Kifaransa ni fikra tu, ziwe za furaha au za huzuni. Mwandikie «Je me fais du souci pour maman», na ikiwa hali imekuelemea, «j'ai des idées noires», ingawa kauli hii ya pili ni nzito na itamshtua, basi itumie pale tu inapostahili. Usiandike «je me fais des idées», kwa sababu maana yake ni kwamba unajitungia mambo yasiyokuwapo.

Yeye akipatwa na jambo, nawe ukataka kumpa pole kama Waingereza wanavyosema «my thoughts are with you», andika «Je pense bien à toi» au «Toutes mes pensées vont à ta famille». Hapo «pensées» zimekaa mahali pake.

Ninajiandaa kwa mtihani wa Kifaransa wa kidato cha nne, Nachingwea. Kwa nini ni «Je pense que le car partira», lakini «Je ne pense pas que le car parte»? Kwa Kiingereza hakuna kinachobadilika.

Ni kweli kwamba Kiingereza hakibadilishi kitenzi cha pili, lakini sikiliza Kiswahili chako. Unasema «Nadhani kwamba basi litaondoka», kisha ukikanusha unasema «Sidhani kama litaondoka». Hiyo «kama» imeingia kwa sababu jambo limekuwa la shaka, na shaka hiyo hiyo ndiyo inayomfanya Mfaransa atumie umbo la kitenzi analoliita «subjonctif». Ndivyo ilivyo pia kwa «croire»: «Je crois que c'est vrai», naamini kwamba ni kweli, na «Je ne crois pas que ce soit vrai», siamini kama ni kweli. Katika mazungumzo utawasikia Wafaransa wengine wakiliacha umbo hilo baada ya kukanusha, lakini katika karatasi ya mtihani liandike kila unapokuta «ne pense pas que» au «ne crois pas que», na anza na vitenzi vinavyobadilika waziwazi kama «être», «venir» na «partir», kwa kuwa katika «arriver» umbo la «arrive» halitakuonyesha tofauti yoyote.