Kifurushi kinaenda na kurudi mji ule ule, shida iko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nilitumiwa kifurushi na dada yangu, sasa ni wiki ya tatu. Nikiangalia trakingi naona kimefika kituo cha mji mwingine kabisa, kikarudishwa, halafu kikaenda tena huko huko, mara tatu! Jina langu na mtaa viko sawa, dada alinipigia picha ya lebo. Tatizo ni nini na nifanye nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, maana kusubiri mzigo huku unauona unapotea ni mateso. Hiyo picha ya lebo iangalie tena ila achana na jina, angalia postikodi (ile namba ya eneo la posta kwenye anwani), tarakimu moja moja. Mashine ya kuchambua mizigo haijali unaitwa nani, inategemea zaidi postikodi na barikodi (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine), na ikishasoma inakisukuma kifurushi kwenye mkondo wa mji ule, mtaa mara nyingi unakuja kuangaliwa mwishoni na mtu wa kusambaza. Chukua mfano wa Marekani, wana postikodi ya tarakimu tano tangu 1963, ile ya kwanza ni kundi la majimbo, tatu za kwanza zinakupeleka kituo cha uchambuzi, mbili za mwisho ndo posta ya karibu au eneo la kusambaza. Sasa ukigeuza hizo za mwanzo tu, mzigo unaenda upande mwingine wa nchi, na mashine inaweza isione kosa kwa sababu namba uliyoandika nayo ni ya mji wa kweli.

Watu wengi wanachanganya hii na namba ya trakingi. Ile ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka, na tarakimu ya tisa ni ya kukagua zile nane. Unazizidisha kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo, unajumlisha, unagawa kwa 11, kinachobaki unakitoa kwenye 11. Mfano 47312482, jumla ni 200, baki 2, kwa hiyo ya tisa ni 9 (ukipata 10 unaandika 0, ukipata 11 unaandika 5). Ukikosea tarakimu moja, karibu kila mara mfumo unakataa hapo hapo. Postikodi ya kuandika kwa mkono kwa kawaida haina mlinzi wa hivyo, na mimi naona hapo ndo penye maumivu.

Sasa kwa nini kinarudia? Mara nyingi ni barikodi ya zamani. Mfanyakazi wa kule anaona mtaa haupo kwake, anaandika kwa peni anwani sahihi au anabandika lebo mpya pembeni, ila ile mbaya inabaki wazi, kikipita kwenye skana mashine inaikuta ile ile na safari inaanza upya. Vilevile kama dada alitumia boksi lililowahi kutumika na lebo ya mwanzo hakuitoa, yanatokea haya haya.

Kwa hiyo usiende kuwaambia "kifurushi kimechelewa", utajibiwa subiri. Waambie kinazunguka kwa sababu ya postikodi, waonyeshe tarehe zote tatu kwenye trakingi, uwaombe kikamatwe kituoni, lebo ya zamani ifunikwe kabisa, na postikodi irekebishwe hadi kwenye mfumo, maana wakibadilisha karatasi tu halafu mfumo ukabaki na ile ya zamani hamjafanya kitu. Dada naye afungue ulizo rasmi (ombi la posta kuutafuta mzigo) huko alikotumia na risiti mkononi. Kwa mizigo ya kimataifa ya posta ulizo linapokelewa ndani ya miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, kwa hiyo wiki tatu bado mko ndani, ila aende wiki hii hii.