Mashine ya kwanza ya kuchomelea: anza na waya za banda lako

Anayefungua banda la kuchomelea, awe Unga Limited pale Arusha au Pasua kule Moshi, kwa kawaida huanzia dukani. Anachagua mashine, anapatana bei, anaibeba hadi bandani, ndipo anatafuta pa kuichomeka. Afadhali ageuze mpangilio huo, kwa sababu ukubwa wa mashine unayoweza kuitumia umeshaamuliwa na umeme unaofika kwako.

Tafuta multimita, ya kununua au ya kuazima, upime volti kwenye soketi iliyo karibu na utakapofanyia kazi. Pima asubuhi, pima mchana mafundi wa jirani wakiwa kazini, pima tena saa mbili usiku watu wakiwa majumbani. Fezi moja inatakiwa iwe karibu na volti 230. Ukikuta 195 usiku, uko mwisho wa laini, na mashine isiyovumilia umeme mdogo itakusumbua kila siku.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi, na wengi hawakifanyi. Washa birika la umeme la wati 2000 kwenye soketi hiyo hiyo, ambalo huvuta ampia 9 hivi, huku unaangalia multimita. Volti zikishuka 2 au 3, njia ya umeme ni nzuri. Zikishuka 10, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea mahali fulani. Kwa njia hiyo hiyo mashine inayovuta ampia 30 itashusha volti zaidi ya 30: moto utakatika katika, kijiti cha kuchomelea kitang'ang'ania chuma, nawe utailaumu mashine bure.

Sasa kazi yenyewe. Mageti, grili na madirisha ya skwea paipu za unene wa milimita 1.2 hadi 2 huchomelewa kwa kijiti cha geji 12, yaani milimita 2.5, kwa ampia 60 hadi 90. Engo na flatibari za milimita 4 au 5 hutaka geji 10, milimita 3.2, kwa ampia 90 hadi 130. Kijiti cha aina ya 6013 kinatosha kwa zote hizo. Kwa hiyo mashine yenye ampia 160 za kweli inamtosha fundi anayeanza, na ziada inabaki.

Nasema ampia za kweli kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni jina la modeli tu. "250" si lazima iwe ampia 250. Geuza mashine usome kibati chake. Herufi X ni asilimia ya dakika kumi ambazo mashine inaweza kuchoma mfululizo kwenye joto la nyuzi 40. Ikiandikwa 30% kwa ampia 160, utachoma dakika tatu na kuipumzisha saba. Kijiti kimoja cha geji 12 huisha kwa kama dakika moja, kwa hiyo hesabu vijiti vyako. U0 ni volti za wazi kabla hujagusa chuma. Zikiwa 60 hadi 75, kijiti huwaka kwa urahisi. I1max ni ampia nyingi kabisa itakazovuta ukutani, na hiyo ndiyo namba ya kumpa fundi umeme. Mashine isiyo na kibati chenye maelezo haya nashauri uiache, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Kati ya inveta, ile nyepesi ya kielektroniki, na mashine ya koili, ile nzito ya transfoma, kwa banda la fezi moja chagua inveta. Si kwamba ya koili ni mbaya. Inadumu, na ikiungua mafundi wa kusuka koili wapo. Shida ni ulaji wake. Koili yenye volti 70 za wazi, ukichoma kwa ampia 100, huvuta VA 7000 (volti mara ampia), sawa na ampia 30 za fezi moja. Inveta ya kawaida kwa moto huo huo huvuta ampia 18 hivi. Tena koili nyingi za kazi nzito zimesukwa kwa fezi mbili, volti 400, na kwako hutakuwa nazo mpaka TANESCO wakuwekee laini ya fezi tatu.

Adui wa inveta ni vumbi la grainda. Feni yake hufyonza hewa na ule unga wa chuma pamoja, unga unatua juu ya bodi ya saketi iliyomo ndani, na siku yenye unyevunyevu unapitisha umeme pasipotakiwa. Iweke mita tatu au zaidi kutoka unapokatia, usielekeze cheche upande wake, na kila mwezi ipulize kwa kompresa ikiwa imechomolewa. Ukikuta inayofanya kazi kuanzia volti 160 au 170, hiyo ndiyo ya wanaoishi mwisho wa laini. MIG, yaani mashine ya waya na gesi, iache kwanza, isipokuwa kazi yako ni bodi za magari. Gesi yake hupeperushwa na upepo wa uwanjani, na shimo za hewa zinajaa kwenye mshono.

Tuje kwenye soketi. Ichunguze plagi ya ampia 13 iliyotumika kuchomelea kwa mwezi mmoja. Pini ya laini, ile ya upande wa fyuzi, imebadilika rangi kuwa kahawia inayoelekea bluu. Plastiki iliyoizunguka imelainika na kuvimba. Vishikio vya ndani ya soketi vimepoteza ukakamavu, plagi inaingia kwa ulegevu, na ulegevu huo unazidisha joto. Ampia zikiongezeka mara mbili, joto kwenye kiungo huongezeka mara nne. Ndiyo maana plagi inayopiga pasi miaka kumi huharibika kwa mashine ndani ya wiki. Kuna wanaoona fyuzi inakatika, wakaweka kipande cha waya mahali pake. Hapo kitakachokatika badala ya fyuzi ni waya uliomo ukutani.

Mashine ipewe njia yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, isichangie na pampu ya maji wala friji. Kwa mashine ya ampia 160 hadi 200 weka waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, breka ya ampia 32 ya aina C, na mwishoni soketi ya bluu ya viwandani ya ampia 32 yenye pini tatu. Aina C ni kwa sababu mashine ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na breka ya aina B hudondoka bila kosa lolote. Banda likiwa mbali, angalia hesabu: kwa ampia 30 na umbali wa mita 25, waya wa 2.5 hupoteza volti 13.5, wa 6 hupoteza 5.5, wa 10 hupoteza 3.3. Ukizidi mita 30, nenda moja kwa moja kwenye wa 10. Hakikisha pia waya unaotoka mita ya LUKU hadi meinswichi si mwembamba kuliko huo mpya.

Madukani kuna waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: shaba halali ni nyekundu mpaka ndani, ya bandia inaonyesha weupe. Wa 6 wa kawaida una nyuzi 7, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 1.04, ukikuta nyuzi nyembamba kuliko hizo, rudisha.

Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, nayo usiichukulie kijuujuu. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya ethi iliyochimbiwa uani, na kwenye udongo wa mawe wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro fimbo huishia juu juu. Tuseme ethi yako ina omu 50. Waya wa laini, ule wenye umeme, ukigusa bodi ya chuma ya mashine, zitapita ampia 4.6 tu, na breka ya 32 haitashtuka. Bodi itabaki na umeme ikisubiri mkono wako. Kwa hiyo RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 ni ya lazima, na fundi aje na kipima ethi. Ikisoma juu sana, aongeze fimbo ya pili hatua chache kutoka ya kwanza, aziunganishe. Kazi yote ya meinswichi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA. Kleme ya mashine usiihesabu kama ethi. Hiyo ni njia ya kurudishia moto, na iume chuma unachochomelea, mahali palipokwanguliwa rangi.

Ekstensheni ikibidi, iwe ya milimita 4 za mraba kwenda juu, na itandazwe yote. Ikiachwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka kutoka katikati.

Siku ya kwanza, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, lazima idondoke. Kisha choma vijiti vitatu vya geji 10 mfululizo kwa ampia 110, msaidizi akisoma volti kwenye njia hiyo. Zisishuke zaidi ya 10. Ukimaliza zima breka, chomoa plagi, shika pini zake: vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuzishika, fundi afungue soketi akaze skrubu upya. Arudie kuzikaza baada ya mwezi, maana nyuzi za shaba hujipanga upya zikipata joto na kupoa, na skrubu iliyokazwa vizuri siku ya kwanza hulegea.