Unaanza kusoma haidrojiolojia? Mambo ya kushika mapema

Haidrojiolojia ni elimu ya maji yaliyo chini ya ardhi, na wengi huingia darasani wakiwa na picha ya mito inayopita gizani chini ya miamba. Mito ya namna hiyo ipo, ila hasa kwenye miamba ya chokaa iliyoliwa na maji. Kwingineko maji hukaa katika nafasi ndogo kati ya punje za mchanga au kwenye nyufa za mwamba, na hutembea polepole mno. Karibu kila kitu utakachokisoma hutakiona kwa macho. Utapata kisima kimoja hapa, kingine kilomita mbili mbele, na katikati yake utakisia. Kwa hiyo katika fani hii namba huheshimiwa kwa jinsi ilivyopimwa, si kwa wingi wa desimali zake. Shika hilo kabla ya mwaka wa tasnifu.

Wanaotoka jiolojia hukwama kwenye hesabu, na wanaotoka uhandisi hukwama kwenye miamba. Jua mapema upande wako dhaifu. Hesabu inayotakiwa ni kalkulasi mpaka milinganyo ya diferensheli, logi, na takwimu za kawaida. Upande wa miamba, uweze kushika vipande vilivyotoka kwenye mashine ya kuchimba ukasema huu ni mchanga, huu ni mfinyanzi, hii ni graniti iliyooza. Jifunze Python kiasi cha kusoma faili na kuchora grafu. Kemia ndiyo huachwa nyuma na wengi, na ndiyo huwaumbua mbele ya watahini.

Sheria ya kwanza utakayokutana nayo ni ya Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa, aliyepitisha maji kwenye bomba lililojazwa mchanga na kutangaza matokeo mwaka 1856. Q = K × i × A: kiasi cha maji ni upitishaji wa tabaka, mara mteremko wa maji, mara eneo la mkato. Ni rahisi kuikariri, na ni rahisi vilevile kuitumia vibaya. Chukua tabaka la mchanga lenye K ya mita 10 kwa siku na mteremko wa 0.002, yaani maji yanashuka mita 2 katika kila kilomita. K × i inakupa mita 0.02 kwa siku. Hiyo siyo kasi ya maji. Maji hayapiti kwenye punje, yanapita kwenye nafasi zilizo kati yake, kwa hiyo gawanya kwa sehemu ya nafasi zinazopitisha, tuseme 0.2. Unapata mita 0.1 kwa siku, kama mita 36 kwa mwaka. Ukisahau kugawanya, utaandika kwamba uchafu kutoka kwenye tangi linalovuja mita 100 juu ya kisima utafika baada ya karibu miaka 14, wakati maji yenyewe yanafika kabla ya miaka 3 kwisha.

Tena usichanganye nafasi na upitishaji. Mfinyanzi unaweza kuwa na nafasi asilimia 50 ya ujazo wake, kuliko mchanga, na bado usitoe maji kisimani, kwa sababu nafasi zenyewe ni finyu mno. Kati ya kokoto safi na mfinyanzi mzito, K hutofautiana mara zaidi ya bilioni moja. Ukiandika K ya 3.472 umejidanganya, andika 3, na unapotafuta wastani wa vipimo vingi tumia wastani wa kijiometri.

Usawa wa maji ndio kipimo kinachofanywa mara nyingi kuliko vyote, na ndicho kinachofanywa kwa uzembe kuliko vyote. Utepe wa kupimia hulia ukigusa maji, unasoma kina, unaandika. Kina kutoka wapi? Weka alama ya rangi kwenye mdomo wa bomba la kisima, pima urefu wake juu ya ardhi, na kila mtu apimie hapo hapo. Kisha kina hicho kitoe kwenye mwinuko wa alama juu ya usawa wa bahari ili upate kimo cha maji. Ramani ya mwelekeo wa maji huchorwa kwa vimo, kamwe si kwa vina. Ukichora vina unakuwa umechora milima na mabonde ya juu ya ardhi. Na mwinuko wa GPS ya simu unaweza kukosea mita kadhaa, ambazo kwenye mteremko wa 0.002 zinatosha kugeuza mshale wa maji uelekee upande mwingine. Kama umeacha kipimashinikizo cha kujirekodi ndani ya kisima, angalia kama kina mrija wa hewa. Kisicho nao husoma maji pamoja na uzito wa hewa, ambao peke yake ni sawa na maji ya takriban mita 10, na unabadilika kila siku. Weka kingine juu hewani, kisha usomaji wake uutoe kwenye usomaji wa kile cha ndani.

Sasa jaribio la kupampu, yaani kutoa maji kisimani kwa kiasi kisichobadilika huku ukipima yanavyoshuka. Hapa ndipo vijana hupotezea siku nzima na mafuta ya jenereta.

Anza kupima usawa uliotulia tangu siku moja kabla, na hakikisha visima vya jirani vimezimwa. Usifungue vali ya bomba la kutolea maji mpaka mwisho. Kadiri maji yanavyoshuka kisimani pampu inainua juu zaidi, na kiasi kinachotoka hupungua chenyewe. Ukiwa umeanza na vali wazi kabisa huna pa kurekebishia. Anza nayo ikiwa imefungwa kiasi, uwe unaiachia kidogo kidogo ili Q ibaki palepale. Maji yanayotoka yapelekwe mbali, maana kwenye akwifa (tabaka linalohifadhi na kupitisha maji) isiyofunikwa na tabaka gumu yatazama tena na kurudi kwenye kipimo chako.

Kupima Q kwa ndoo kunakubalika, ila angalia ukubwa wake. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 7.2, Q ni mita za ujazo 10 kwa saa. Ukikosea nusu sekunde tu kwenye saa, kosa ni asilimia 7. Tumia pipa la lita 200: litajaa kwa sekunde 72, na nusu sekunde ileile itakuwa chini ya asilimia 1.

Pima usawa wa maji kila nusu dakika au dakika mpaka dakika 10, kila dakika 2 mpaka 20, kila dakika 5 mpaka saa moja, halafu ongeza vipindi taratibu. Sababu ni kwamba grafu inachorwa kwa logi ya muda: dakika 1 hadi 10 zinachukua nafasi sawa na dakika 10 hadi 100. Hata hivyo, pointi za mwanzo katika kisima kinachopampiwa haziaminiki, kwa kuwa unatoa maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba. Kadirio la muda wa kungoja ni 25 × rc² ÷ T, ambapo rc ni nusu kipenyo cha bomba na T ni upitishaji wa tabaka zima, yaani K mara unene wake. Bomba la nusu kipenyo mita 0.075 katika tabaka lenye T ya mita za mraba 37 kwa siku linahitaji kama dakika 5 na nusu. T ikiwa 1, ngoja zaidi ya saa 3. Wanaopampu saa 2 kwenye mwamba mgumu na kutangaza T mara nyingi wamepima ujazo wa bomba.

Kwa uchambuzi utaanzia kwenye mstari wa Cooper na Jacob wa mwaka 1946, ambao ni njia fupi ya mlinganyo wa Theis wa 1935. Chukua mfano: Q ni mita za ujazo 240 kwa siku (ile 10 kwa saa), na maji yanashuka mita 1.2 katika kila mzunguko mmoja wa logi, yaani kila muda unapoongezeka mara kumi. T = 0.183 × 240 ÷ 1.2 = 36.6 m² kwa siku. Mstari ukikata sifuri kwenye dakika 2 (t₀), na kisima cha uangalizi kiko mita 30 mbali (r), basi S, yaani kipimo cha maji ambayo tabaka huachia usawa unaposhuka, ni 2.25 × T × t₀ ÷ r², inayotoka 0.00013. Hiyo ni akwifa iliyofungwa, yaani iliyofunikwa na tabaka gumu.

Angalia mtego uliopo. Ukisahau kugeuza dakika 2 kuwa siku, S inatoka 0.18. Namba hiyo haishtui hata kidogo. Inafanana kabisa na S ya mchanga usiofungwa, na utaandika aya nzima ya kuieleza. Makosa ya vipimo yanayotoa jibu la kipuuzi hujulikana mara moja. Hili linatoa jibu zuri, ndiyo maana linafika mpaka kwenye ripoti. Andika kipimo kando ya kila namba, hata kwenye karatasi chakavu.

Vilevile mstari ni halali pale u = r²S ÷ 4Tt inapokuwa ndogo, t ikiwa muda tangu kuwasha pampu. Kwa mfano huu, kikomo kikali cha 0.01 kinafikiwa karibu saa 2 tangu kuwasha. Wanaoridhika na 0.05 huanza kwenye dakika ya 22. Usichore mstari kupitia pointi za kabla ya hapo. S isitafutwe kwa kisima kinachopampiwa chenyewe, kwa sababu maji hupoteza nguvu yakiingia kwenye skrini (sehemu ya bomba yenye matundu) na nusu kipenyo halisi hakijulikani. Mstari ukilala ghafla, kabla ya kusema "tumegusa mto", kagua daftari la Q: mara nyingi pampu imelegea tu. Na ukizima, usifunge mizigo. Kurudi kwa maji ndiyo data safi kuliko zote, kwani hakuna pampu ya kuyumba, ilimradi pampu ina vali ya kuzuia maji ya bombani yasianguke kisimani.

Sampuli za kemia zina desturi zake. Toa kwanza maji yaliyolala kisimani, kwa kawaida ujazo mara tatu, au mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie. Kisima cha kipenyo mita 0.15 chenye maji ya kina cha mita 40 kina mita za ujazo 0.7, hivyo toa 2.1. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45, kisha ndiyo uweke asidi ya nitriki kwenye chupa ya sampuli ya kupimia metali. Ukitanguliza asidi, inayeyusha tope, na maabara itakuletea chuma na alumini ambavyo havikuwa kwenye maji. Chupa ya kloridi, salfeti na naitreti haiwekwi asidi. pH na bikaboneti zipime palepale. Kabonidioksaidi ikishatoroka, pH inapanda na kalsiamu inaweza kuganda chupani.

Majibu yakirudi, yageuze kuwa miliekwivalenti (kipimo cha chaji) na ulinganishe kationi, zenye chaji chanya, na anioni, zenye chaji hasi: tofauti ikigawanywa kwa jumla yake, ndani ya asilimia 5 ni sawa. Jumla ya kationi pia iwe karibu na upitishaji umeme, katika mikrosimensi kwa sentimita, ukigawanywa kwa 100. Ukiona sampuli zote zinalingana kwa asilimia 0.0, shuku kwamba sodiamu haikupimwa, imejazwa kwa kutoa. Uliza pia naitreti imeandikwa kwa namna gani. Miligramu 12 kwa lita "kama nitrojeni" ni 53 kama naitreti, na kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni 50.

Kuhusu modeli nitasema machache. MODFLOW, programu ya kuiga mwendo wa maji ya ardhini ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, ni bure, na kuiendesha ni kazi ya wiki kadhaa. Ila kwenye modeli ya hali tulivu, isiyobadilika kwa muda, ukiongeza maradufu maji ya mvua yanayoingia ardhini na K pia maradufu, vimo vya maji vinaweza kubaki vilevile. Modeli kufanana na vimo vya visima peke yake hakuthibitishi kitu. Tafuta angalau kipimo kimoja cha mtiririko, kwa mfano maji ya kijito wakati wa kiangazi.

Kabla hujasaini mada ya tasnifu, omba orodha ya visima na uangalie kila kimoja kina nini: kina chake, skrini iko mita ngapi mpaka ngapi, kumbukumbu ya tabaka zilizopitiwa, mwinuko uliopimwa. Kisima kisichojulikana skrini yake huenda kinasoma tabaka la juu, la chini, au yote mawili. Kitoe kwenye ramani ya vimo. Kwenye ramani ya kemia kinaweza kubaki, kwa alama tofauti na maelezo chini yake. Visima vinavyosalia vikiwa vitatu au vinne, omba mada nyingine.