"Umejua Lini, Mjomba?"

Mwaka jana mpwa wangu alikuja kukaa kwangu hapa Mtwara mjini, akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Ana miaka 19. Kama alizaliwa wa kike au wa kiume, sisemi. Kiswahili kinaniruhusu, mpwa ni mpwa tu, na habari hiyo ni yake.

Nilianza kuona mambo. Nguo anazochagua, kioo anachokikwepa, na jina jingine aliloandika kwa penseli nyuma ya daftari, akalifuta, akaliandika tena. Usiku nikawa nasoma kwenye simu. Nikakuta kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliiondoa kwenye magonjwa ya akili hali ya mtu kujiona wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Kichwa kikavimba. Nikajiona mjomba wa kisasa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Jioni moja tulikuwa uani tunachoma korosho kwenye bati. Anayeijua kazi hii anajua: maganda yana mafuta, yakishika moto unakimbilia mchanga, na moshi wake unawasha macho. Yeye anageuza kwa mti mrefu, mimi nimekaa na ndoo ya mchanga. Nikamwambia, "Mpwa wangu, mimi nimeshajua wewe ni nani. Usiogope." Nikaongeza na habari za mapiko, kwamba hata kwetu Wamakonde mwanamume huvaa kinyago cha mwanamke na tumbo la mimba la kuchonga, akaingia uwanjani akacheza. (Mfano wa ovyo. Ile ni ngoma.)

Akaacha kugeuza. "Umejua lini, mjomba? Maana mimi mwenyewe bado."

Korosho ziliungua zote. Kesho yake akapanda gari kwenda kwa bibi yake Newala, na wiki tatu simu ikawa inaita tu.

Jirani anayesema "utoto huo, utapita" na mimi niliyesema "nimeshakujua" tulifanya jambo moja: tulimjibia swali ambalo hajamaliza kujiuliza. Tena langu lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kwetu mtoto ni wa mjomba, na neno la mjomba hata likiwa la upendo linasikika kama amri.

Basi wewe mwenye kijana wa namna hii nyumbani, usimwekee jibu mdomoni. Akikuuliza ulichosoma, mwambie ulichosoma, halafu nyamaza. Akisema "sijui", hilo ni jibu kamili, usimsukume. Leo akitaka hivi na kesho vile, hajakudanganya. Na usimpelekee mtu habari zake, hata mama yake mzazi, kabla hajakuruhusu. Kwa mitaa yetu neno moja kibarazani linatosha mtu afukuzwe nyumbani au apigwe.

Nilimtumia ujumbe: nilitangulia, nisamehe. Alirudi bila kusema kitu, na mimi sikumchokoza. Juzi, tukiwa tunabangua, akauliza, "Lile jina la kwenye daftari uliliona?"

"Niliona."

"Usiniite kwanza."

Sijamwita. Naita "mpwa", anaitika.