Re: Mteja kaandika "saa 2", mfumo umeweka miadi 02:00

Mkuu, umeuliza kama ubadilishe maktaba (msimbo wa tayari) ya kusoma saa ili "saa 2" isiingie kama 02:00. Kubadilisha maktaba hakutakusaidia. Aliyeandika "saa 2" amekupa nusu ya taarifa tu. Nusu iliyobaki ni asubuhi au usiku, na hiyo lazima umuulize. Weka kisanduku cha namba 1 hadi 12 na pembeni yake orodha ya lazima: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Asubuhi na mchana: gawanya saa kwa 12, chukua baki, ongeza 6. Saa 12 asubuhi inatoka 06:00, saa 8 mchana 14:00. Usiku: ongeza 18, ukizidi 23 toa 24, saa 2 ni 20:00, saa 8 ni 02:00. Alfajiri toa 6. Jioni ndiyo inayoangusha wengi: wanaipitisha kwenye kanuni ya asubuhi, saa 12 jioni inageuka 06:00. Jioni ongeza 6 bila kugawanya, ila "saa 1 jioni" ihesabu kama usiku, 19:00.

Kibaya zaidi ni tarehe ya usiku. "Jumamosi saa 7 usiku" kwa mwingine ni usiku ulioanza Jumamosi, yaani Jumapili 01:00. Kwa mwingine ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Usikisie. Mrudishie kwa maneno kabla hajabonyeza kuthibitisha: "Usiku wa kuamkia Jumapili, 5 Mei 2024, saa 7 (01:00)". Na "saa 6 kasorobo usiku" ipime peke yake: ukishaiweka saa 6 kwenye 00:00 ya tarehe isiyo sahihi, ukitoa dakika 15 unaangukia jana yake.

Kuhusu tarehe zenyewe, strtotime, amri ya kusoma tarehe kwenye lugha ya programu ya PHP, huisoma 03/04/2024 kama 4 Machi, lakini 03-04-2024 kama 3 Aprili. 25/04/2024 inaikataa, hivyo kosa unaliona; siku ya 1 hadi 12 zinapita kimyakimya. Taja muundo mwenyewe kwa DateTime::createFromFormat, amri ya PHP inayosoma tarehe kwa muundo uliompa. Hata hiyo itakubali 31/02 na kuisukuma Machi, kwa hiyo kagua getLastErrors, inayotoa makosa na maonyo ya usomaji huo.

Tarehe ya kuzaliwa usiipitishe kwenye saa kabisa. Kwenye Javascript, 3 Aprili usiku wa manane wa Dar ukiitia toISOString (inayogeuza kuwa saa ya UTC, iliyo saa 3 nyuma ya Dar) unapata 2024-04-02T21:00, na mtoto kazaliwa siku moja kabla. Hifadhi kama DATE tupu, yaani tarehe isiyo na saa.

Rekodi zilizokwishaingia: kama ofisi inafunguliwa 08:00 hadi 17:00, miadi yote ya 02:00 hadi 07:59 ongeza saa 6 bila wasiwasi. Za 08:00 hadi 10:59 ziache kwanza, kwa sababu 08:00 inaweza kuwa kweli asubuhi au saa 8 mchana. Hizo piga simu. Na kuanzia leo ongeza safu kwenye hifadhidata ya kuhifadhi maandishi ya mteja kama alivyoyaandika.