Kasha la bibi lisiguswe na msasa

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Nimerithi kasha la njumu (lililopambwa kwa misumari ya shaba) la marehemu bibi, aliyekuwa akikaa Mkomani, Lamu. Sasa ninalo Malindi. Jirani asema ni la Mreno. Seremala ataka kulipiga msasa na vanishi, na shaba aing'arishe kwa ndimu. Chini pana vitundu vidogo. Nimkubalie?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Usimkubalie, na kama ameshaanza, asimame hapo alipofika.

La Mreno tulimalize upesi, maana kila kasha la pwani hii huambiwa ni la Mreno. Makasha mengi ya njumu yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka India, kama Surat na Bombay. Kutaka kujua umri wake, toa droo za chini utazame migongo yake, ambako hakuna aliyepaka kitu. Ukiona skrubu iliyolegea, itazame: ncha butu na mfereji wa kichwani uliokwenda upande ni kazi ya kabla skrubu zenye ncha za kiwandani hazijaenea, katikati ya karne ya 19. Ncha kali yaweza kuwa ya bawaba iliyobadilishwa baadaye tu. Pitisha na sumaku ujue kama ni shaba kweli: shaba hainasi.

Sasa huo msasa. Nimechoka kuletewa makasha yaliyokwisha kuuawa. Mwaka jana nililetewa moja ambalo vichwa vya njumu vilikuwa vimesuguliwa hadi vikawa bapa. Kifuniko kilikuwa na duara mbili za njumu; nilipopapasa kwa kidole, duara ya ndani haikuwepo tena. Weusi ule mnaouita uchafu ni mafuta ya mikono, moshi wa udi na miaka. Ukishauondoa, hata mimi siwezi kukwambia kasha ni la lini.

Ndimu ni mbaya zaidi. Asidi yake huingia chini ya bamba la shaba na haitoki. Huko hugeuka kutu ya kijani, misumari ya chuma huoza, na bamba huinuka. Kwa wiki mbili litang'aa, watu watasifu, kisha njumu zitaanza kudondoka. Kuna na wanaopaka dizeli "kuua wadudu": harufu haitoki, na mbao hunyonya vumbi milele.

Vitundu, vifagie kwa brashi laini, utandaze karatasi nyeupe chini. Baada ya wiki ukikuta unga mpya, wadudu wako hai; litenge na samani nyingine, uniletee habari. Karatasi ikibaki safi, ni makovu ya zamani, yaache. Kasha liinue juu ya vipande vya mbao, lisiguse ukuta, kwani kuta zetu za mawe ya matumbawe hunyonya chumvi na unyevu. Nje ya mbao, nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa. Shaba, kitambaa kikavu, basi.

Nanyi wengine mnaosoma: anayesema kasha lazima ling'ae ndipo liuzike, mara nyingi ndiye mnunuzi. Akitaka kulitoa nchini, muulizeni kibali. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 hakisafirishwi bila hicho.

Dada, nipigie picha migongo ya droo kabla hujafuta chochote.