Kila Kitenzi na Kifuniko Chake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Bagamoyo, na kazi yangu ya kila siku ni kuwapitisha wageni katika magofu ya Kaole. Nimeombwa kuandika maelezo mafupi ya Kiingereza yatakayobandikwa ukutani, nami nikaandika sentensi mbili: "Excavations revealed us the life of an old town" na "The experts divulged Chinese pottery." Mwenzangu alizisoma akasema zote mbili zina kasoro, lakini hakuweza kunieleza kasoro yenyewe ni ipi. Kamusi yangu inanipa "reveal", "disclose", "divulge", "expose", "uncover", "unearth" na "unveil", na karibu zote inazifasiri kwa "funua" au "fichua". Naomba unitofautishie. (Mwongoza watalii, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako amesema kweli, na kasoro hizo mbili hazifanani.

Ya kwanza imetoka katika Kiswahili chako. Sisi tuna kauli ya kutendea, kwa hiyo twasema "uchimbaji ulitufunulia maisha ya mji wa kale", na yule anayefunuliwa anaingia ndani ya kitenzi bila taabu. Kiingereza kinaruhusu jambo hilo kwa vitenzi kama "tell", "show" na "give", lakini "reveal", "disclose" na "divulge" havilikubali kabisa: kinachofunuliwa hutajwa kwanza, kisha anayefunuliwa hufuata baada ya "to". Kwa hiyo ungeandika "revealed the life of an old town to us", ingawa kwa bango la ukutani ni bora zaidi kuliacha hilo "to us", kwa sababu msomaji anajua kwamba anaambiwa yeye. Kosa hilohilo ndilo linalowafanya wanafunzi wetu waseme "explain me", nami nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba nalitambua kabla sijamaliza kusoma sentensi.

Kasoro ya pili ni ya maana. "Divulge" limetokana na neno la Kilatini "vulgus", yaani umma wa watu wa kawaida, na maana yake ni kulipeleka kwa watu jambo ambalo mtu alikuwa amelihifadhi kifuani. Ndiyo maana mara nyingi utalikuta katika ukanusho, kwa mfano "he refused to divulge her name". Vigae vya Kichina havikuwa siri ya mtaalamu yeyote. Vilikuwa chini ya udongo, na kilicho chini ya udongo hufukuliwa. Andika "unearthed" au "uncovered".

Hapa ndipo Kiswahili, kilichokuponza mwanzo, kinapoweza kukusaidia. Tunayo kauli ya kutendua: funika na funua, fukia na fukua, fumba na fumbua, ficha na fichua. Kila kitenzi cha kutendua kinakumbuka kilichotendwa kabla yake, na hakuna mzaliwa wa pwani atakayesema amefukua sufuria lililofunikwa kwa kawa. Basi unapochagua kitenzi cha Kiingereza jiulize kwanza: kitu hiki kilikuwa kimefunikwa na nini? Kama ni udongo, "unearth". Kama ni kitambaa, kama jiwe la msingi kabla mgeni rasmi hajavuta kamba, ni "unveil", ambalo siku hizi hutumika hata kwa gari jipya au mpango wa serikali, pale sisi tunaposema kuzindua. Kama ni mlango wa ofisi au wajibu wa kisheria, ni "disclose", neno la benki na mahakama.

"Reveal" nalo lilianza na pazia, kwani "velum" ya Kilatini ilikuwa pazia na pia tanga la chombo, lakini pazia hilo limechakaa na neno limekuwa pana kuliko yote. Barua hu-"reveal", kipimo cha damu hu-"reveal", na uchimbaji pia. Katika dini linahitaji uangalifu: Ufunuo wa Yohana umelifuata neno kwa neno, ilhali Kurani, ambayo Waingereza husema "was revealed", kwetu iliteremshwa, na mfasiri anayeandika "ilifichuliwa" ameharibu.

"Expose" lina sura yake peke yake, maana asili yake ni kuweka nje. Tazama dagaa wanavyoanikwa ufukweni hapo kwenu: wamelazwa wazi juani, upepo unawapitia, na wingu likitanda wanakimbiliwa. Huko ndiko kuwa "exposed to the sun", na hakuna atakayesema "revealed". Kwa mtu neno hilo hubeba aibu au hatari, kama mwizi anayeumbuliwa au muuguzi aliyekaa karibu na ugonjwa. Nakusihi usimwambie mgeni kwamba mtu fulani "exposed himself" ukidhani umesema alijitambulisha, kwa maana atakuelewa kwamba alivua nguo hadharani.

Ongeza "discover" katika orodha yako. Leo ni kugundua, lakini zamani lilikuwa kufunua hasa: katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, Portia anaagiza pazia livutwe na makasha yaonekane, na kitenzi alichopewa kwa Kiingereza ni hicho "discover".

SWALI: Mkataba ninaoutafsiri unasema mfanyakazi "shall not disclose or divulge" habari za mwajiri. Je, ni makosa mawili au moja? (Karani, Tanga)

JIBU: Ni moja. Wanasheria wa Kiingereza wana desturi ya zamani ya kuyapanga maneno mawili yenye maana moja ili asipatikane mtu wa kupenya katikati. Ukitaka kuihifadhi jozi hiyo, andika "hatatoa wala kueneza". "Kuvujisha" liache, kwa kuwa hilo ni "leak", na mkataba wako haukulitaja.